Rivyu: seti ya vifaa vya kushikia nyoka fildi, ndoano chukua, koleo liache

Wadau wa fildi habarini. Naona watu wengi wanauliza kuhusu hizi seti za vifaa vya nyoka zinazouzwa mtandaoni, zile zinakuja kwenye begi refu jeusi, ndani unakuta fimbo ya ndoano, koleo, mirija mitatu ya plastiki inayoonyesha ndani, mifuko ya nguo, kinga za miguu, miwani, torchi ya kichwani na kiboksi chekundu kimeandikwa huduma ya kwanza. Sisi tumeitumia seti ya aina hiyo kwenye kazi ya kutafuta na kupima nyoka na vyura Usambara Mashariki, upande wa Amani, masika na kiangazi, hasa usiku maana huko ndiko kazi ilipo. Jina la kampuni sitataja, seti zenyewe zinafanana karibu zote, zinatofautiana stika tu. Naongea na mwanafunzi wa chuo kikuu, SUA au Mlimani, anayekwenda kukusanya data, na mwongoza wageni wa hifadhi, na mlinzi wa msitu wa kijiji ambaye mradi umemwambia chagua vifaa tutalipia. Kama unataka nyoka wa kuchezea nyumbani au wa kupigia picha za kujionyesha, hii rivyu sio yako.

Nianze na ndoano kwa sababu ndio roho ya seti nzima. Ni bomba la aluminiamu lenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, mpini una mpira, mbele kuna chuma kilichopindwa ncha yake imepondwa ikawa bapa. Hiyo ncha bapa ndio inayofanya niipende, inaingia chini ya nyoka hata akiwa amelala juu ya majani makavu bila kumchoma wala kumkwaruza, unanyanyua taratibu theluthi ya mbele ya mwili na nyoka mwenyewe anatulia kwa sababu anahisi amekaa juu ya tawi. Huo ndio mpango mzima wa ndoano, haimbani nyoka, inambeba. Yule nyoka mdogo wa Usambara mwenye vipembe juu ya macho, Atheris ceratophora, ambaye dunia nzima hapatikani nje ya milima ya Tanzania (Usambara, Uluguru, Udzungwa), ukimkuta kwenye kichaka usawa wa kiuno unamsogezea ndoano chini ya kifua anajipindia mwenyewe anahamia, hakuna vurugu, unamteremsha kwenye ndoo unamaliza. Watu wanaovunja tawi zima na nyoka wake sielewi wana haraka ya kwenda wapi, tawi lenyewe ndio makazi unayosema umekuja kuyahifadhi.

Kwa kifutu mambo ni mengine kidogo, mzito, hajishikilii, anateleza kama gunia la unga lenye umande, na yule kifutu mkubwa wa msituni wa Gaboni ndio usiseme, kwa huyo unahitaji ndoano mbili, moja karibu na kichwa nyingine katikati ya mwili, ukimbeba kwa moja uzito wake wote unaning'inia kwenye sehemu moja ya uti wa mgongo na hiyo ni kumuumiza. Seti inakuja na ndoano moja tu. Hilo ni pungufu kubwa, na ukimuuliza muuzaji anakwambia kuna koleo, kama vile koleo ndio ndoano ya pili.

Sasa tuje kwenye hilo koleo, na hapa nitakaa kidogo maana ndio kitu kinachowauzia watu seti. Picha ya tangazo ni jamaa ameshika koleo na swila (yule nyoka anayetema sumu) ananing'inia, na kila anayeogopa nyoka akiiona anasema hicho ndicho nataka, niko mbali, nyoka amebanwa, nimesalimika. Naelewa kabisa hofu hiyo. Lakini koleo hili taya zake ni chuma kimekatwa meno meno, ukivuta triga waya wa ndani unabana, na mkono wako hauna namna ya kujua unabana kiasi gani. Nyoka mwili wake karibu wote ni mbavu, mamia ya mbavu nyembamba, na chini yake kuna pafu, ini, moyo, vyote vimejipanga kwa mstari. Akibanwa anajipindua kujinasua, ndipo mbavu zinapovunjika, na nje huoni kitu, unampima, unaandika kwenye daftari, unamwachia anaondoka vizuri tu, anakwenda kufia kwenye pango lake na wewe kwenye data umeandika ameachiwa salama.

Kwa kazi ya utafiti hilo sio ishu ya huruma peke yake japo huruma pia ni haki yake. Njia ya kujua nyoka wako wangapi kwenye msitu ni kumkamata, kumwekea alama (kachipu kadogo chini ya ngozi au kukata kipande cha gamba la tumboni kwa mpangilio), kumwachia palepale, halafu kurudi uone ni wangapi kati ya utakaowakamata tena wana alama. Hesabu nzima imesimama juu ya dhana kwamba kumkamata hakujapunguza uhai wake. Ukiwavunja mbavu hawatarudi kwenye hesabu, na wewe utasema kumbe nyoka ni wengi sana ndio maana siwakuti wale wenye alama. Yaani chombo kibovu kinakupa takwimu za uongo zinazosema kila kitu kiko sawa wakati unaua. Na hii takwimu inakwenda mahali, ndiyo inayotumika kuamua spishi gani iko hatarini. Tathmini ya reptilia wote wa dunia iliyotoka 2022 iliangalia spishi 10,196 ikakuta angalau 1,829 ziko hatarini kutoweka, na wale wa misituni ndio wana hali mbaya, asilimia 30 wako hatarini wakati wa maeneo makame ni asilimia 14. Misitu ndio hii yetu. Kwa hiyo mtu anaposema koleo ni rahisi, mimi namuuliza rahisi kwa nani.

Matumizi ninayokubali ya koleo ni haya: kunyanyua mfuko wenye nyoka bila kuusogelea mwilini, kuvuta jiwe au bati ukiwa mbali, na kumtoa nyoka aliyeingia nyumbani kwa mtu kwenye upenyo ambao ndoano haifiki, tena taya ziwe zimezungushiwa sponji na mpira wa tairi la baiskeli. Hilo la nyumbani nalipa uzito mkubwa maana mwenye nyumba kashika panga tayari, ukichelewa nyoka kafa. Ukiondoa hapo, hapana. Isitoshe la kwetu waya wake ulilegea mapema, ukiachia triga taya hazifunguki zote, na hicho ni kitu cha hatari kwako pia, unataka kumwachia nyoka na yeye bado kanasa.

Mirija. Hii ndio sehemu ya seti ambayo watu hawaijui na ndiyo yenye thamani baada ya ndoano. Unamwelekeza nyoka kwa ndoano kwenye mdomo wa mrija, anaona shimo, anaingia mwenyewe maana nyoka akiona shimo lenye giza anadhani ni pa kujificha (funika mbele kwa kitambaa ukitaka aharakishe), akishafika theluthi mpaka nusu ya mwili unashika mrija na mwili pamoja kwa mkono mmoja, basi, kichwa kiko ndani ya plastiki, nusu ya nyuma iko mikononi mwako. Hapo unapima urefu kutoka puani mpaka kwenye tundu la haja, mkia peke yake, uzito, unahesabu magamba, unajua dume au jike, unachukua sampuli ya DNA, unaweka chipu. Hakuna kumkandamiza shingo chini kwa fimbo, ule utaratibu wa zamani tuuache, umeumiza nyoka wengi na watu wengi.

Siri ya mrija ni kipenyo. Ukiwa mpana nyoka anageuka humohumo ndani anarudi na kichwa kimeelekea kwako, ukiwa mwembamba anakataa kuingia au anakwama. Mirija mitatu ya seti inafaa kwa nyoka wa kati na wakubwa lakini kwa wale wadogo wa msituni, wa unene wa kalamu, hakuna unaotosha, na Usambara nyoka wengi utakaokutana nao ni haohao wadogo. Sisi tuliongezea mirija ya maabara. Halafu kingo za mirija zimekatwa vibaya, zina makali, zipige msasa kabla hujaitumia maana zitamchana nyoka magamba ya tumbo. Na usiisafishe kwa spiriti, plastiki ile ikikutana na spiriti inapasukapasuka kama utando na ndani ya muda mfupi huoni kichwa kiko wapi. Maji na sabuni, suuza sana, kausha kivulini.

Kuna nyoka mmoja ambaye wauzaji hawamsemi kabisa, na anayekwenda kuchimbia ndoo za mtego ardhini lazima amjue. Atractaspis, mwembamba, mweusi mweusi, kichwa hakijatofautiana na shingo, anaishi chini ya udongo na magogo, ukimwona unasema huyu hana shida. Meno yake ya sumu yanatokea pembeni ya mdomo akiwa hajafungua mdomo, kwa hiyo ukimshika nyuma ya kichwa kwa ustadi wako wote anakuchoma tu, haipo namna salama ya kumshika kwa mkono. Na dawa ya sumu yake hakuna. Ndoo ya mtego ikiwa na nyoka mweusi usiyemjua, ndoano ndogo au kikopo kirefu, mkono usiingie. Kijana anayetembelea ndoo alfajiri kabla mtafiti hajaamka ndiye anayekutana naye, kwa hiyo yeye ndiye wa kufundishwa kwanza.

Mifuko ya nguo iliyomo kwenye seti ni mibovu, mishono iko ndani na nyuzi zinaning'inia, nyoka mdogo anajinyonga nazo, na kitambaa chenyewe ni cha nailoni hakipumui. Nendeni kwa fundi cherehani yeyote, sisi tulishonewa Muheza, nunua marekani ile nyeupe ngumu, shona mara mbili, mshono utokee nje, na kona mbili za chini zipigwe mshono wa mshazari ili kibaki kipembe ambacho nyoka hafiki, hapo ndipo unaposhika mfuko ukitaka kumtoa. Bei yake kwa mfuko ni chini ya soda chache na ni bora kuliko wa dukani kwa mbali. Ukimaliza na nyoka mmoja mfuko unafuliwa na kuanikwa juani kabla hujaweka mwingine, magonjwa ya ngozi ya nyoka yapo, usiyabebe wewe.

Nikiwa hapo kwenye usafi niseme la buti, halimo kwenye seti lakini nitaliweka humu. Kama unatoka msitu mmoja kwenda mwingine, sugua buti, toa tope lote, tia dawa ya kuua vijidudu, kausha. Wengi wanadhani ni mikogo ya Wazungu. Kumbukeni chura wa Kihansi, kale kachura ka manjano kalikogunduliwa 1996 kwenye korongo moja tu chini ya maporomoko, bwawa la umeme likaanza 2000, maji ya kurusha ukungu yakapungua, mwaka huohuo vyura 499 wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, halafu waliobaki wakakumbwa na kuvu anayeua vyura, 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Kurudishwa walianza 2012. Kuvu huyo anatembea kwenye maji na tope, na sisi watu wa fildi ndio tunaotembea na tope kuliko mtu yeyote.

Kinga za miguu. Kitambaa kizito chenye vipande vya plastiki ngumu ndani, zinafunika kuanzia juu ya kiatu mpaka chini ya goti. Zinafanya kazi, nasema hivyo bila wasiwasi, kwa kifutu aliyelala njiani usiku hii ndiyo inayosimama kati yako na jino, maana watu wengi huumwa chini ya goti na kifutu hana tabia ya kukimbia, anategemea usimwone. Joto ni kali kweli, masika zinashika maji zinakuwa nzito, zipu ya mguu wa kushoto ikafa tukaweka mikanda. Hazisaidii kitu kwa nyoka wa mitini, msijidanganye.

Ila ninalotaka kusema zaidi kuhusu hizi kinga ni kwamba seti inakuja na jozi moja, na mradi unanunua seti moja. Nani anavaa? Mtafiti. Na anayetangulia mbele na panga akifungua njia ni nani? Mzee au kijana wa kijijini aliyeajiriwa kwa siku, miguuni kandambili au raba iliyotoboka. Nimeona hivi kwenye miradi mingi na kila mara linanikera upya. Huyo wa mbele ndiye anayekanyaga kwanza, na huyo ndiye akiumwa hana bima, hana gari la mradi mpaka mtu apige simu, ana familia inayokula kwa miguu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka duniani, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wengi wao ni haohao, wakulima, wachungaji, vibarua, watoto. 2017 wakaiweka sumu ya nyoka kwenye magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, 2019 wakatoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Mimi nasema bajeti ya mradi wa nyoka isiyo na gambuti kwa kila mtu anayeingia msituni irudishwe ikaandikwe upya. Gambuti za kawaida za mpira za dukani, ndefu, nene, zinakinga vizuri sana na kwa bei ya jozi moja ya kinga hizi unawavalisha vijana kadhaa. Ukiniuliza nichague nitachukua gambuti kwa wote kuliko kinga za kisasa kwa mmoja.

Miwani ni ya swila, na ukishuka chini kwenye mashamba ya mkonge swila yupo, analenga macho na analenga vizuri. Miwani ya seti inaziba pembeni zote, jambo zuri, ila inashika mvuke vibaya mno msituni, unajikuta unaipandisha kichwani ili uone na hapo haina kazi tena. Yenye matundu madogo ya hewa juu ni bora, ya fundi wa kuchomelea yenye kioo cheupe inatosha kabisa. Akikutemea macho ni maji tu, mengi, dakika nyingi, kituo cha kwanza baada ya hapo ni hospitali, usisugue na usipake dawa za majani.

Torchi ya kichwani imenishangaza kwa uzuri. Mwanga una hatua tatu, wa chini unatosha kutembelea na wa juu unafika kwenye matawi ya mbali, betri inachajiwa na inakaa usiku mzima ukitumia ule wa chini. Wageni wa kazi hii wanasubiri kuona macho yanang'aa, wanayaona kweli ila ni ya buibui, vyura na komba. Nyoka macho yake hayarudishi mwanga namna hiyo. Unatafuta umbo na rangi, tumbo jeupe juu ya jani, mstari usiofuata mkao wa tawi, kitu kilichokunjwa mahali ambapo mmea haukunji. Kwa hiyo mwanga wa manjano kiasi ni mzuri kuliko ule mweupe wa buluu unaofuta vivuli, na hii torchi ina manjano kiasi. Tembea taratibu kuliko unavyodhani, angalia pembeni mwa njia na juu, kisha geuka uangalie ulikotoka maana nyuma ya jani unaona kingine. Vinyonga ndio rahisi, wakilala wanapauka, wanang'aa wenyewe kwenye torchi. Kwenye usiku wa mvua nyepesi baada ya siku za ukame utapenda maisha.

Kiboksi chekundu. Kitupeni, au toa plasta na bandeji utupe kilichobaki. Ndani kuna pampu ya kunyonya sumu, kiwembe na kamba ya kufungia. Vyote vitatu ni madhara. Pampu haitoi sumu ya maana, inaharibu nyama ya eneo lile, kiwembe kinaongeza kidonda na damu, kamba inakata mzunguko mpaka mguu unaoza kabla sumu haijafanya kazi yake. Kuuza hivi vitu kwa jina la huduma ya kwanza mwaka huu ni kosa la kweli, na lile jiwe jeusi linalouzwa vijijini liko kundi hilohilo. Aliyeumwa atulie, avuliwe pete, saa na viatu, kiungo kifungwe kwenye kibao kisitikisike, abebwe, apelekwe hospitali yenye dawa. Kumfuata nyoka kumuua ili umpeleke kwa daktari ni kutafuta mgonjwa wa pili, picha ya simu ukiwa mbali inatosha, tena kama ipo.

Na hiyo hospitali yenye dawa muijue kabla hamjaingia msituni, piga simu uulize ipo au haipo, imeisha muda au bado. Dawa ya mchanganyiko ya Afrika Kusini inashughulikia vifutu, koboko na hongo, na baadhi ya fira na swila. Haishughulikii bumslengi, nyoka wa mitini, huyo ana dawa yake peke yake ambayo ni ghali na adimu. Haishughulikii yule nyoka anayefanana na kijiti, huyo dawa hana kabisa. Na wale wenye vipembe wa Usambara, hao tuliowasifia hapo juu kwamba wanapanda ndoano kwa upole, dawa maalumu ya sumu yao haipo. Soma hiyo sentensi tena kabla hujamshika kwa vidole ili upate picha nzuri. Bumslengi na nyoka kijiti wana tabia moja mbaya, unaweza kukaa masaa unajiona mzima, damu inaanza kukosa kuganda polepole. Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa reptilia wa Chicago, aliumwa na bumslengi mdogo 1957, akaendelea kuandika dalili zake mwenyewe, kesho yake akafariki. Huyo alikuwa anajua nyoka kuliko sisi wote.

Kuna kitu kingine kwenye lile begi kiliniudhi na sio chombo, ni kikaratasi. Muuzaji anasema ukituma picha ya nyoka uliyemkamata kwa vifaa vyake pamoja na mahali ulipomkuta, unapata punguzo kwenye oda inayofuata. Msitume! Nasema kwa herufi zote. Mwaka 2011 wataalamu Menegon, Davenport na Howell walipotangaza nyoka mpya wa pembe kutoka nyanda za juu kusini, Atheris matildae, walificha makusudi mahali alipopatikana, kwa sababu wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga wangefika kabla ya walinzi. Hawakukosea. Yule mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Lygodactylus williamsi, wawindaji walikuwa wanakata mikadi mizima ili wawapate mijusi waliomo kwenye majani, mnyama anakwenda na nyumba yake inakwenda, mpaka 2016 akaingizwa daraja la juu kabisa la CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), na mwaka huohuo serikali yetu ikasimamisha kusafirisha wanyama hai nje. Nyoka wa Usambara wana soko hilohilo. Picha ya simu inabeba alama ya mahali ulipo (GPS) ndani yake bila wewe kujua, zima hiyo kitu kwenye kamera kabla hujaingia fildi, na data ya mahali kamili ibaki kwa mradi na kwa hifadhi. Amani imekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, walinzi wake ni wachache na msitu ni mkubwa, tusiwaongezee kazi kwa ajili ya punguzo la muuzaji.

Bei sasa. Seti nzima kwetu ilifika karibu laki nne na nusu na usafiri, ikakaa njiani muda mrefu, begi lilifika limechanika ila vitu vilikuwa salama. Mimi seti nzima nisingeinunua tena na simshauri mtu ainunue. Ndoano nainunua kesho, torchi naichukua, mirija naichukua nikiwa na msasa mkononi. Huduma kwa mteja ni ya wastani, wanajibu haraka kabla hujalipa, baada ya hapo kuhusu ile zipu na ule waya ni kimya.

Kwa wasio na bajeti, ndoano inatengenezeka hapahapa. Mpe fundi wa kuchomelea vipimo hivi: bomba la aluminiamu au chuma chepesi mita moja na robo, unene wa kidole gumba, mbele nondo ya milimita 6 kwa nyoka wa kawaida na milimita 8 kwa kifutu, ipindwe kama herufi U iliyofunguka, upana wa ndani kama sentimita 8 hadi 10, ncha ipondwe iwe bapa kisha ipigwe msasa mpaka ukipitisha kidole husikii makali, mwisho wa bomba uzibwe na mpini uvishwe mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Mwambie atengeneze mbili. Na ya tatu fupi, sentimita 50, nondo nyembamba kabisa, kwa ajili ya zile ndoo za alfajiri.